Ritifaa Niliyoifuta

Mama yule alifika ofisini kabla sijamaliza chai ya asubuhi. Alikuwa ametoka Misungwi na basi la kwanza, na kwapani amebana mfuko wa nailoni uliokunjwa mara tatu. Nikamwamkia, akaitika, "Marahaba mwanangu," akakaa, akaanza kuufungua mfuko bila haraka. Vikatoka kitabu cha akiba cha marehemu mumewe, cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, na karatasi ya Mahakama ya Mwanzo iliyomthibitisha kuwa msimamizi wa mirathi. Alivitandaza mezani kimoja kimoja kama mtu anayeanika dagaa, kisha akaweka kidole juu ya jina lililochapwa kwenye kitabu cha akiba.

"Huyu siye mume wangu," alisema.

Jina la ukoo la marehemu lilianza na Ng'w, kama yalivyo majina mengi ya Kisukuma. Cheti cha kifo kililiandika hivyo, mahakama ikaliandika hivyo, hata barua ya mtendaji wa kijiji. Kitabu chetu peke yake ndicho kilichosema Ngw. Benki ambayo fedha zilitakiwa kupitia ilikuwa imemrudisha mara mbili: majina hayalingani, kalete kiapo. Kiapo kinataka wakili, wakili anataka hela, na hela aliyokuwa akiifuata ndiyo hiyo iliyokuwa imekwama kwetu.

Nilimweleza kwamba kompyuta ndiyo iliyoila ile alama, ritifaa.

"Kompyuta ilifundishwa na nani?" akauliza.

Nikamwambia, mimi. Ndivyo ilivyokuwa. Sikuifuta kwa bahati mbaya. Niliandika mstari wa programu ambao kazi yake ilikuwa kuifuta, nikaujaribu, nikaridhika nao, na kwa miaka saba niliuhesabu kuwa ndio kufuli la mfumo mzima.

Mwaka 2008 niliajiriwa na chama kimoja cha akiba na mikopo jijini Mwanza kuhamisha hesabu zake kutoka kwenye leja za karatasi kwenda kwenye kompyuta. Nilijenga mfumo kwa lugha ya PHP na kanzidata ya MySQL, kama walivyofanya vijana wengi wa rika langu, na seva yetu ya kwanza ilikaa chini ya meza ya mhasibu, karibu na miguu yake. Ndani yake mlikuwa na jasho la wavuvi, walimu na wauza mitumba. Nililijua hilo kila nilipopita pale, na hofu niliyokuwa nayo ilikuwa hofu ya kweli.

Mfumo kama ule unaishi kwa kuuliza maswali. Karani anaandika jina kwenye kisanduku; programu iliyoko kwenye seva inalichukua na kulibandika katikati ya sentensi ya lugha ya SQL; sentensi inapelekwa kwenye kanzidata, na kanzidata inajibu. Sentensi yenyewe ni kama hii: SELECT salio FROM wanachama WHERE jina = 'Juma'. Yaani, nipe salio la mwanachama ambaye jina lake ni Juma. Kanzidata inajua jina linaanzia wapi na linaishia wapi kwa zile ritifaa mbili zilizolikumbatia. Sasa mtu akiandika kisandukuni ritifaa, halafu akaifuatisha maneno ya amri, ritifaa yake inalifunga jina kabla ya wakati, na maneno yanayofuata hayahesabiwi tena kuwa jina. Yanakuwa sehemu ya sentensi. Kanzidata inayatii kana kwamba nimeyaandika mimi.

Udhaifu huo haukuwa siri hata wakati ule. Desemba 1998 Jeff Forristal, aliyekuwa akiandika kwa jina la rain.forest.puppy, alikuwa ameshaueleza katika toleo la 54 la Phrack, jarida la wadukuzi. Na PHP ya miaka yangu ilikuja na kinga yake ya kuzaliwa: kila ritifaa iliyoingia kutoka kwenye fomu ilitanguliziwa mkwaju uliolala kinyume, ili kanzidata ijue kuwa hiyo ni herufi tu. Tatizo ni kwamba kinga hiyo haikuuliza maneno yanakwenda wapi. Yakienda kwenye kanzidata, yalipachikwa mkwaju. Yakienda kwenye risiti, yalipachikwa mkwaju vilevile. Risiti zetu za kwanza zilitoka na majina kama Ng\'wana, na mtu akirekebisha taarifa zake tena, mikwaju ikazaliana: Ng\\\'wana. Wanachama walilalamika, na walikuwa na haki. Waliotengeneza PHP wenyewe walikuja kuona kuwa ni njia mbaya. Mwaka 2009, katika toleo la 5.3, wakatangaza kuwa isitumike tena, na mwaka 2012, katika toleo la 5.4, wakaiondoa kabisa.

Mimi sikungoja. Nilitafuta dawa ya haraka: ritifaa na mkwaju, vyote viwili, vifutwe mlangoni. Nikaongezea orodha ya maneno yanayotumika kwenye amri, UNION, DROP na mengineyo, nayo yafutwe popote yatakapoonekana. Nikakiita kichujio. Mikwaju ikatoweka kwenye risiti, malalamiko yakaisha, na meneja akanipongeza mbele ya bodi.

Nilikuwa nimesahau lugha yangu mwenyewe. Darasa la kwanza mwalimu alitusimamisha mmoja mmoja tutamke ng' ya king'ong'o, sauti ikipita puani, tofauti na ng ya ngoma, na aliyekosea alirudia mpaka apatie. Katika Kiswahili ritifaa haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Ngara ni wilaya ya Kagera. Ng'ara ni kutoa nuru. Iondoe alama kwenye ng'oa, unabaki na ngoa, neno la zamani la watu wa pwani la wivu na tamaa. Kwa Wasukuma ndiyo inayombeba mtoto: ng'wana ni mwana, na juu ya neno hilo yamejengwa majina ya watu, likiwemo la Ng'wanamalundi ambaye masimulizi yake yanajulikana Usukuma nzima. Ukivuka mpaka unawakuta kina Ng'ang'a na kina Nyong'o, unaikuta Murang'a. Wote hao, wangejiandikisha kwetu, wangetoka upande wa pili wakiwa watu wengine.

Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walioibuni lugha ya SQL wakiwa IBM mwanzoni mwa miaka ya 1970, walihitaji alama ya kufungia maneno, wakachukua hiyo iliyokuwepo. Siwalaumu. Kina O'Brien wa Ireland wanasumbuliwa na alama hiyo hiyo hadi leo. Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba herufi inayoweza kutumiwa vibaya ni herufi mbaya, na kwamba nikiipiga marufuku nimemzuia mwizi.

Asubuhi ile niliingia moja kwa moja kwenye kanzidata, nikairudisha ritifaa mahali pake kwa mkono, nikachapa kitabu kipya. Mama alilisoma jina herufi kwa herufi, akakifunga kitabu, akakirudisha kwenye mfuko wake. Nilidhani limekwisha.

Siku tatu baadaye ilikuwa mwisho wa mwezi. Kila mwisho wa mwezi, saa nane usiku, programu nyingine ilikuwa ikipiga hesabu za riba na kuandika taarifa ya kila mwanachama. Asubuhi karani akanipigia simu: wanachama wengi hawana riba. Si wote. Wengine wanayo, wengine hawana, na hakuna anayejua kwa nini. Nikafungua faili ambamo seva huandika makosa yake. Kosa lilikuwa moja tu, na lilikuwa limeandikwa wazi: sentensi ya SQL haieleweki, karibu na herufi w.

Niliitambua ile w kabla sijasoma mstari mzima. Programu ya usiku ilikuwa ikisoma jina kutoka kwenye jedwali moja na kulibandika kwenye sentensi mpya ya kuandikia jedwali lingine. Haikuchuja chochote, wala haikukinga chochote, kwa sababu nilipoiandika niliamini kuwa kilichomo ndani kimeshapita mlangoni. Ritifaa ya marehemu ikaifunga sentensi katikati, herufi zilizofuata zikabaki zinaelea, kanzidata ikakataa, na programu ikafa papo hapo. Waliomtangulia kwenye orodha walipata riba yao. Waliomfuata hawakupata.

Jina la mtu mwema aliyelala kaburini Misungwi lilikuwa limefanya, bila nia yoyote, jambo lile lile nililojenga ukuta ili mwizi asilifanye. Na kama jina linaweza kuivunja sentensi, mwenye nia anaweza kuiandika upya. Nikaanza kuuliza njia nyingine ambazo majina yalikuwa yakiingilia, na jibu likaniumiza zaidi. Orodha za matawi zilikuwa zikiingizwa kutoka kwenye faili za Excel, na njia hiyo haikupita kwenye kichujio hata siku moja. Kilichotunusuru ni kwamba makarani wa matawi walikuwa wameshajifunza kuziacha ritifaa wenyewe, maana, kama walivyoniambia, "mfumo unazikataa." Watu walikuwa wanaandika majina ya wenzao vibaya ili yaifae programu yangu. Hakuna aliyelalamika. Waliona ndivyo kompyuta zilivyo.

Tulikuwa na kijana wa mafunzo kwa vitendo, mwanafunzi wa chuo, mtulivu, anayependa kukaa karibu na dirisha. Nilimwonyesha kichujio, nikamwomba anieleze angekipita vipi.

"Kaka, tufanye kwenye nakala, siyo kwenye mfumo wenyewe," alisema. Nilimheshimu kwa neno hilo kabla hajafanya lolote. Tukanakili mfumo kwenye kompyuta nyingine, tukaweka wanachama wa kubuni.

Hakugusa kisanduku cha jina. Alifungua ukurasa wa taarifa ya mwanachama, ambao anwani yake ilibeba namba ya uanachama, na baada ya namba akaongeza maneno machache: OR 1=1. Au moja ni sawa na moja. Kwa kuwa moja ni sawa na moja siku zote, kanzidata iliona kuwa kila mwanachama anatimiza sharti, ikawatoa wote, majina na salio, kioo kikajaa mpaka chini.

"Namba haifungwi kwa ritifaa," alieleza. "Kwa hiyo mimi sihitaji ritifaa kutoka ndani yake."

Kisha akanionyesha orodha yangu ya maneno yaliyokatazwa. Aliandika UNIUNIONON. Kichujio kikaiona UNION iliyo katikati, kikaifuta kwa utiifu, na vipande viwili vilivyobaki, UNI na ON, vikakutana vikawa UNION. Programu yangu ilikuwa imemtengenezea mshambuliaji neno ambalo kazi yake ilikuwa kulizuia.

Nimesimulia mambo haya mawili mara nyingi kwa vijana wanaoanza kazi, na huwa naona nyuso zao zikibadilika kama wangu ulivyobadilika siku ile. Miaka saba niliulinda mlango kwa kuwakagua watu sura. Mama wa Misungwi nilimzuia. Kijana wa dirishani alipita akiwa na herufi za kawaida kabisa na tarakimu mbili.

Mwaka huo huo, Oktoba 2015, kampuni ya simu ya TalkTalk ya Uingereza ilivamiwa kwa njia hii hii. Taarifa za wateja 156,959 zilichukuliwa, na kwa 15,656 kati yao zikachukuliwa pamoja na namba za akaunti za benki. Kamishna wa Taarifa wa nchi ile aliitoza faini ya pauni 400,000, na katika uchunguzi wake alieleza kwamba kurasa zilizotobolewa zilikuwa za zamani, zilizorithiwa kutoka shughuli za Tiscali za Uingereza ambazo TalkTalk ilizinunua mwaka 2009. Habari ya uvamizi niliisoma nikiwa katikati ya kuandika upya programu yangu ya usiku. Kurasa za urithi ambazo hakuna tena anayezikumbuka: nilipokuja kuusoma uchunguzi huo baadaye, niliuelewa kwa undani ambao nisingekuwa nao kabla ya mama wa Misungwi.

Dawa yenyewe, nilipoifikia, ilikuwepo siku zote. PHP ilikuwa nayo tangu toleo la 5 mwaka 2004, miaka minne kabla sijaandika mstari wangu wa kwanza kwa ajili ya chama kile. Inaitwa sentensi iliyoandaliwa. Badala ya kulibandika jina ndani ya sentensi, unaipeleka sentensi kwanza ikiwa na pengo, na pengo linaandikwa kwa alama ya kuuliza: WHERE jina = ?. Kanzidata inaisoma, inaielewa, inapanga namna ya kuitekeleza. Baada ya hapo ndipo jina linapotumwa, peke yake, kwa njia yake. Muda wa kutoa amri umeshapita. Chochote kitakachofika kwenye pengo lile ni jina tu, hata kama kimeandikwa DROP, hata kama kina ritifaa ishirini. Kanzidata itakitafuta kwenye orodha ya majina, na isipokikuta itasema hakipo.

Mara ya kwanza nilipoijaribu niliandika kwenye kisanduku jina la marehemu lenye ritifaa yake, nikabonyeza. Likatoka. Nikaandika maneno yote ya kijana wa dirishani. Hakuna mwanachama wa jina hilo. Nililijaribu jina lile la Kisukuma tena na tena, zaidi ya ilivyohitajika, kwa furaha ya kuliona likipita mzima mzima.

Kazi ya kubadilisha mfumo wote ilituchukua wiki nyingi, kwa sababu sentensi zilikuwa zimetapakaa kila mahali, na si kila kitu kinaingia kwenye pengo. Jina la safu ya kupangia orodha, kwa mfano, haliwezi kutumwa kama jina la mtu. Ilibidi niandike majina ya safu zinazoruhusiwa na kukataa mengine yote. Kichujio sikukitupa chote. Namba ya uanachama bado inakaguliwa kuwa ni tarakimu tupu, tarehe bado inakaguliwa kuwa ni tarehe, lakini kwa sababu ndivyo zinavyopaswa kuwa. Akaunti ambayo programu ilitumia kuingilia kwenye kanzidata tuliipunguzia mamlaka. Ilikuwa na uwezo wa kufuta majedwali yote, na hakuna karani aliyewahi kuhitaji kufuta jedwali.

Yote hayo yaliwezekana. Lililokuwa gumu ni kuzirudisha alama.

Kitu kilichowekewa mkwaju unaweza kukiondolea mkwaju. Kilichofutwa hakiachi kovu. Kwenye kanzidata tulikuwa na majina mengi yanayoanza na Ng, na kompyuta haina namna ya kujua lipi lilizaliwa na ritifaa na lipi halikuzaliwa nayo. Kuna kina Ngassa ambao hawaihitaji, na ukiwawekea umewakosea kama nilivyowakosea wenzao. Ilibidi turudi kwenye fomu za karatasi, zile ambazo wanachama walijaza kwa mikono yao siku ya kujiunga, zilizokuwa zimefungwa kwa kamba stoo nyuma ya choo cha wafanyakazi.

Nilizipitia pamoja na karani mmoja mtu mzima, Msukuma, aliyekuwa pale tangu enzi za leja. Yeye alisoma, mimi nilichapa. Alikuwa akilitamka kila jina kwa sauti, na nilijifunza kuisikia tofauti kabla hajanionyesha karatasi. Tulikuta pia ritifaa za aina mbili: iliyonyooka, ya kibodi, na iliyopinda, ambayo simu na programu za kuandikia barua huiweka zenyewe. Kwa jicho ni moja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na ukimtafuta mtu kwa moja humpati aliyeandikwa kwa nyingine. Tukakubaliana kuhifadhi iliyonyooka, na kumtafuta mtu kwa zote mbili.

Leo Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sheria hiyo inataka taarifa za mtu ziwe salama na ziwe sahihi. Mwaka 2015 haikuwepo. Tungeweza kuyaacha majina jinsi yalivyo, na nadhani wengi wangenyamaza kama walivyokuwa wamenyamaza. Karani yule hakukubali. Bodi nayo, kwa heshima yake, ilikubali kumrudishia mama wa Misungwi nauli ya safari zake zote. Fedha za mumewe zilikuwa zimeshapita benki, bila kiapo.

Fomu ya mwisho tuliyohangaika nayo ilikuwa imeliwa na mchwa. Kona ya juu haikuwepo, na jina la ukoo lilikuwa limekatika katikati. Mwenyewe alikuwa mvuvi, namba yake ya simu haipatikani, lakini karani alimjua binti yake anayeuza vitenge karibu na stendi. Tukampigia, tukaweka spika ya nje. Palikuwa na kelele za makondakta na honi.

"Jina la baba yako mzee, la ukoo, linaandikwaje?" karani akauliza.

Binti akalitamka. Kelele zikalimeza.

"Ng ya ngoma au ya nini?"

"Ya ng'ombe, mama," binti akasema kwa sauti kubwa. "Andika kama ng'ombe."

Karani akanitazama, nikachapa.